Shajara ya mradi: nzi, vigingi na maji ya mlango wa mto

Lengo

Nataka kujua, kwa saa na kwa hatua, samaki wanapita wapi kwenye mlango mmoja wa mto maji yanapojaa na yanapokupwa, kisha niwavue kwa fimbo ya nzi nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, bila chombo. Nzi ninayoisema ni chambo cha manyoya, nywele na nyuzi kilichofungwa juu ya ndoana, chepesi mno hata hakiwezi kurushwa kwa uzito wake. Mzito ni mshipi. Fimbo inapindwa na mshipi, mshipi unanyooka hewani, na nzi inafuata. Anayevua kwa chubwi anatupa uzito na mshipi unaufuata. Huku ni kinyume, na ndiyo maana kila kitu, kuanzia unene wa mshipi hadi mahali pa kuweka miguu, kinapangwa upya.

Wengi wanaoingia kwenye uvuvi huu wa maji ya chumvi huanza na urushaji: mita ishirini, ishirini na tano, thelathini. Mimi naanza na maji. Naamini mita kumi za mshipi mahali samaki anapopita zina faida kuliko mita thelathini mahali asipopita, na mradi wote umesimama juu ya imani hiyo. Shajara naiandika kwa kufuata mwezi badala ya tarehe, kwa kuwa tarehe haisemi lolote kuhusu maji.

Mwezi mwandamo: bamvua, maji yamekupwa

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati jua na mwezi vinavuta bahari kwa mstari mmoja. Mara nyingi kilele chake huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Maji hupanda kuliko siku nyingine na hushuka kuliko siku nyingine, na huko kushuka ndiko nilikokuwa nakusubiri. Ardhi ambayo kwa kawaida ina maji ya kiunoni inabaki wazi, na mtu anaweza kutembea palepale ambapo samaki watakuwa wanapita saa chache baadaye.

Nilibeba daftari, kamba yenye fundo kila mita, na ufito wa kupimia tope. Fungu la mchanga la mdomoni lina pengo upande mmoja, na mkondo mkuu unapita hapo. Ndani zaidi mto unapiga kona. Upande wa nje wa kona maji hukimbia na kula ukingo. Upande wa ndani hupoa na kuacha mchanga. Kati ya pande hizo mbili kuna mteremko wenye upana wa hatua chache tu, na huo ndio nimeuwekea alama nzito kuliko yote kwenye ramani. Samaki anayewinda hapendi kupambana na mkondo mchana kutwa. Hukaa kwenye maji yaliyotulia, karibu kabisa na maji yanayokimbia, chakula kikampitia mbele ya mdomo.

Upande wa mikoko kuna vijito vyembamba vinavyotiririsha maji kutoka kwenye mizizi kurudi mtoni. Maji yakijaa huwezi kujua kama vipo. Yakikupwa, kila kimoja kina mdomo wake na kila mdomo umechimba kishimo mbele yake. Nimevipima vyote, upana na kina, na kuandika kila kimoja kinaelekea wapi. Kuna pia ukuta mfupi wa mawe yenye chaza ambao nisingeuona kamwe wakati wa maji makubwa, na makombe yake ni makali kiasi cha kukata nailoni kwa mguso mmoja.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni mashimo ya taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Yako mengi kwenye tambarare ya mchanga na tope, mapana kama sinia, mengine yana kingo mbichi na mengine yameanza kujifukia. Taa hupuliza na kupekua mchanga akitafuta makombe, kaa na minyoo. Penye mashimo mapya pana chakula, na samaki wadogo kwa wakubwa humfuata taa nyuma ili waokote anachokifukua. Nimeyachora mashimo hayo kwa makundi. Bamvua ijayo nitatazama kama makundi yamehama.

Vigingi na saa

Nimepigilia vigingi viwili, kimoja karibu na mdomo na kingine juu ya kona, vyote vikiwa na alama kila sentimita kumi. Kazi yake ni kunionyesha maji yanavyopanda mahali hapa hasa, kwa kuwa jedwali la maji linazungumzia pwani ya wazi.

Kanuni ya kumi na mbili inajulikana na mabaharia wengi. Maji huchukua takriban saa sita na dakika kumi na mbili kutoka kukupwa hadi kujaa. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Pakiwa na tofauti ya mita tatu kati ya maji madogo na makubwa, saa ya tatu peke yake inaleta sentimita 75. Kwa mtu aliyesimama juu ya fungu na ana kijito nyuma yake, hiyo ni habari ya uhai kabla haijawa habari ya samaki. Kila mahali pa kusimama kwenye ramani yangu pameandikiwa alama ya kigingi ambayo ikifikiwa ninaondoka, hata kama samaki wanarukaruka mbele ya macho yangu.

Kigingi cha mdomoni kinaifuata kanuni vizuri. Cha juu hakiifuati. Ndani ya mto tope na kona huyachelewesha maji kuanza kujaa, kwa hiyo yakianza yanajaa upesi na kwa nguvu, kisha yanakupwa taratibu kwa muda mrefu zaidi. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo: kigingi kinapoonyesha kuwa maji yamefika juu kabisa, mkondo katikati ya mto bado unaingia. Kimo na mwendo ni vitu viwili. Jedwali linakupa kimo. Samaki anaishi kwenye mwendo.

Kwa hiyo sasa naweka hesabu ya mwendo pembeni. Njia yenyewe ni rahisi: kamba ya mita kumi ukingoni, kipande cha ubao majini, na saa. Ubao ukimaliza mita kumi kwa sekunde ishirini, mkondo unakwenda nusu mita kwa sekunde. Ukichukua sekunde arobaini, ni robo mita. Daftari langu lina safu ya ubao kwenye kila ukurasa, na kadiri kurasa zinavyoongezeka ndivyo ninavyoisoma safu hiyo kwanza kabla ya nyingine zote.

Hali ileile ya maji hurudi siku ya pili ikiwa imechelewa kama dakika 50, maana siku ya mwezi ina saa 24 na dakika 50. Ukikuta samaki wanakula saa moja asubuhi, kesho yake waendee karibu na saa mbili.

Maji mafu: vifaa mezani

Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi havivuti kwa pamoja, na maji yanakuwa mafu. Yanapanda kidogo na kushuka kidogo, na ubao unaelea kivivu. Kipindi hiki nimekipa kazi ya mezani.

Fimbo ni ya karboni, mita 2.7, namba 8. Namba hiyo inahusu uzito wa mshipi: mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 8 zina takriban gramu 13.6, za namba 9 gramu 15.5, za namba 10 gramu 18.1. Mvuvi anayetafuta kolekole wakubwa kwenye mawimbi atakwenda juu zaidi ya hapo. Kwa mlango wa mto, ambako nzi nyingi ni ndogo na samaki wengi wanaingia kwenye kiganja au kwenye mikono miwili, namba 8 inatosha na haichoshi bega.

Mishipi ni miwili. Mmoja unaelea, mwingine unazama polepole, sentimita chache kwa sekunde. Yote miwili imetengenezwa kwa maji ya joto. Hili lina uzito wake: mshipi wa maji baridi ukiuleta kwenye jua kali unalegea na kunata kwenye pete za fimbo, na wa maji ya joto ukiupeleka kwenye baridi unakakamaa na kubaki umejikunja. Mbele ya mshipi kuna lida, uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, yenye urefu wa fimbo, nene nyuma na nyembamba mbele. Ncha yake nimeiweka ya florokaboni. Watu huisifu kwa kutoonekana, na kweli inapinda mwanga karibu na jinsi maji yanavyoupinda, kipimo cha kupinda mwanga kikiwa 1.42 dhidi ya 1.33 cha maji, wakati nailoni iko juu ya 1.5. Mimi ninachokitaka kwake ni kustahimili msuguano wa chaza, na kuzama, kwa kuwa ni nzito kuliko nailoni. Mahali penye mzia, samaki wa meno makali, naongeza kipande kifupi cha waya. Anayetaka rekodi yake itambuliwe na IGFA, chama cha kimataifa cha rekodi za uvuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939, ana kikomo cha sentimita 30 na nusu kwa kipande hicho.

Rili, gurudumu la kukunjia mshipi, ina mshipi wa akiba wa kutosha chini ya mshipi mnene, maana kolekole akigeuka na kufuata mkondo wa kupwa kuelekea baharini hakuna wa kumfuata kwa miguu. Kifaa kinachodharauliwa ambacho nakithamini sana ni kikapu cha mshipi, kile kinachofungwa kiunoni. Kwenye mkondo, mshipi uliovutwa na kuachwa miguuni hubebwa na maji, hujifunga kwenye magugu, na urushaji unaofuata unafia njiani. Kikapu chenye vijiti vya kusimama ndani yake huzuia mizunguko isilaliane. Baada ya kila safari kila kitu kinaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu. Maji ya kasi husukuma chumvi ndani ya rili badala ya kuitoa.

Kufunga nzi

Sehemu hii ningeweza kuiandikia kitabu. Nzi za maji ya chumvi zinaiga vitu vichache: samaki wadogo kama dagaa na simu, uduvi na kamba, kaa, ngisi. Hakuna haja ya maboksi kumi. Ninafunga aina nne, kila moja kwa ukubwa wa aina mbili au tatu, na nataka kila moja iwe na sababu ya kuwapo.

Ya kwanza ni Lefty's Deceiver, kazi ya Lefty Kreh wa Maryland, Marekani, aliyeibuni mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya samaki wa Chesapeake Bay na ambaye alifariki mwaka 2018. Mwaka 1991 Marekani iliiweka kwenye stempu ya posta. Akili yake iko nyuma: manyoya marefu ya jogoo yanafungwa karibu na mwanzo wa mpindo wa ndoana, kwa hiyo hewani hayajizungushi kwenye ndoana. Mbele kuna ukosi wa nywele za mkia wa kulungu unaojenga umbo la mwili. Ikiwa kavu inaonekana kubwa. Ikilowa inajikusanya na kuwa samaki mwembamba. Inarushika kwa wepesi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, na hiyo ni zawadi kwa mtu anayesimama ufukweni upepo ukimvumia usoni.

Ya pili ni Clouser. Bob Clouser wa Pennsylvania aliifunga miaka ya 1980 kwa ajili ya mto Susquehanna, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na bahari ikaipokea. Macho mawili ya chuma yanafungwa upande wa juu wa shina la ndoana. Uzito huo unaigeuza nzi, ncha ya ndoana inatazama juu, na chini hainasi ovyo. Ukivuta inapanda, ukiacha inashuka kwa kichwa. Samaki wengi huichukua wakati wa kushuka, kwa hiyo kituo baada ya mvuto kina thamani sawa na mvuto wenyewe. Nywele naziweka chache. Ukiishika dhidi ya dirisha na huoni mwanga ukipenya katikati, ziko nyingi mno.

Ya tatu ni ndogo, ya uduvi, kwa mfano wa Crazy Charlie iliyotoka Andros huko Bahamas mwishoni mwa miaka ya 1970. Nayo inakaa ndoana juu. Ya nne ni Gurgler ya Jack Gartside: utepe wa povu uliokunjwa mgongoni, na mbele mdomo unaosukuma maji na kutoa mlio. Hiyo ni ya alfajiri na ya maji yaliyotulia juu ya nyasi.

Kijino cha kila ndoana nimekibana kwa koleo. Samaki anatoka haraka, na ndoana ikiingia kwenye sikio la mvuvi inatoka haraka pia.

Kuhusu rangi, msimamo wangu ni mfupi. Ukubwa kwanza, umbo la pili, mwendo wa tatu, rangi mwisho. Nyeupe na kijani kibichi kwa maji safi, rangi ya mchanga kwa uduvi, nyeusi kwa usiku na kwa maji ya matope, kwa sababu nyeusi inatoa kivuli kizito dhidi ya anga.

Upepo

Mshipi unaporushwa, mkono usioshika fimbo unaweza kuuvuta kwa ghafla mara mbili: mara moja ukienda nyuma, mara moja ukienda mbele. Mvuto huo maradufu ulitangazwa kwenye mashindano ya miaka ya 1930 na Marvin Hedge wa Oregon, na bila huo sioni mtu akivua ufukweni kwa raha. Hauongezi umbali peke yake. Unaongeza mwendo wa mshipi, na mshipi wa mwendo mkubwa hubaki mwembamba hewani, unaupasua upepo.

Upepo ukitoka upande wa mkono wa fimbo, nzi inaletwa usoni. Ninageuka, natazama nchi kavu, narusha mbele kuelekea nchi kavu, na mshipi wa nyuma ndio unaoshuka majini. Miwani na kofia sivivui. Na radi ikisikika, hata mbali, fimbo inalazwa chini na mimi naondoka majini. Karboni inapitisha umeme.

Mwezi mpevu: midomo ya vijito

Bamvua imerudi na ramani imeanza kulipa.

Nilikaa mdomoni mwa kijito cha pili maji yakiwa juu kabisa, yamejaa ndani ya mizizi ya mikoko. Kwa muda hakuna kitu. Ubao haukwenda. Kisha majani yaliyokuwa yanaelea yakaanza kugeuka, na baada ya dakika kadhaa kijito kilikuwa kinamwaga. Hapo ndipo panapoanza. Uduvi, kamba wadogo na vitoto vya samaki walioingia kujificha na kula ndani ya mizizi wanalazimika kutoka kabla maji hayajaisha, na njia ya kutokea ni moja. Kolekole wadogo na changu wanalijua lango hilo vizuri, na wanakuja kupanga mstari kwenye kishimo nilichokipima wakati wa mwezi mwandamo.

Nilisimama upande wa juu wa mdomo, hatua kadhaa kutoka ukingoni, na kurusha mshipi mfupi kwenye maji ya mto ili mkondo uibebe nzi na kuizungusha hadi mbele ya kijito. Uduvi hapigi mbio dhidi ya mkondo wa namna hiyo. Anabebwa, anajikunja, anarusharusha. Kwa hiyo mkono unavuta kidogo tu, sentimita chache, ili mshipi usilegee. Pigo la kwanza lilikuja nzi ilipovuka mstari wa povu pale maji ya kijito yanapokutana na ya mto. Na la pili. Na mengine yaliyofuata, karibu yote kwenye mshono huohuo wa maji mawili, mpana usiozidi mkono.

Samaki anapogusa, fimbo haiinuliwi. Inabaki chini ikielekea kwake, na mkono unavuta mshipi kwa nguvu hadi ndoana iingie. Fimbo ikiinuliwa inapinda na kumeza nguvu yote, nzi inatoka mbele ya samaki na hana cha kurudia. Ikivutwa kwa mkono akaikosa, nzi bado iko majini, imesogea kidogo tu, na mara nyingi anaifuata tena.

Ubao umenipa jibu ambalo jedwali halikuweza kunipa. Wanakula kwa bidii mita kumi zinapochukua kati ya sekunde ishirini na arobaini. Polepole zaidi ya hapo wanazunguka na kutazama. Haraka zaidi, wanaondoka mdomoni na kushuka kwenye mteremko wa kona, na huko wanafuatika kwa mshipi unaozama. Naliona hilo kama matunda makubwa ya mradi hadi sasa, kwa sababu linahamishika: mwenye kuvua mlango mwingine wa mto anaweza kuchukua ubao, kamba na saa, akatafuta namba zake mwenyewe.

Mkizi wanapita makundi kwa makundi, na nimejizuia. Wanakula mwani na uchafu laini unaokaa juu ya tope, na nzi ya kawaida haiwahusu. Lakini natazama wanavyosogea. Kundi likitawanyika ghafla kama limepigwa jiwe, kuna mwindaji chini yake, na nzi inakwenda pembeni mwa kundi, kamwe si katikati.

Mvua

Mvua kubwa juu ya mto imeleta maji ya rangi ya udongo hadi baharini. Ni rahisi kukunja fimbo na kurudi nyumbani. Lakini maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo, na mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo 1,025 dhidi ya 1,000 za maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo maji ya mto hutandaza juu, na ya bahari huingia chini yake yakiwa na umbo la kabari. Nilizamisha chupa yenye uzito na kizibo cha kamba, nikaifungua chini. Juu palikuwa kahawia. Chupa ilikuja na maji safi yenye chumvi kutoka mita moja na nusu tu.

Mshipi unaozama, Clouser nyeusi yenye macho mazito, kurusha juu ya mkondo na kuacha ishuke bila kuvuta. Samaki walikuwako, chini ya dari ya tope. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa mpakani, nje ya pengo la fungu, ambapo maji ya udongo na ya buluu yamesimama bega kwa bega na membe wanapiga mbizi juu ya mstari.

Kuona

Maji yalipotakata nimefanya kazi ya kutazama bila kurusha. Miwani ya polaroidi huondoa mng'ao wa uso wa maji, na huuondoa vizuri kuliko wakati wote macho yanapoyatazama maji kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wake. Hiyo ni hatua chache mbele ya mtu aliyesimama. Mbali zaidi mng'ao unarudi, kwa hiyo kilima kidogo cha mchanga chini ya miguu kina faida kuliko miwani ghali. Jua linatakiwa nyuma ya bega, ilimradi kivuli kisitangulie.

Naye samaki anatutazama. Dunia yote ya juu anaiona kupitia duara moja lenye upana wa nyuzi 97 hivi, na vilivyo chini karibu na upeo wa macho hubanwa kwenye ukingo wa duara. Mtu aliyepiga goti hubaki kwenye ukingo huo. Aliyesimama wima anapanda ndani. Zaidi ya macho ana mstari wa pembeni wa mwili unaohisi mtikisiko, kwa hiyo namna ya kuweka mguu ni sehemu ya uvuvi.

Miguu naiburuta mchangani, siinyanyui. Taa anayeguswa pembeni huondoka. Anayekanyagwa hupiga mkia. Mwenye kuchomwa aingize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzi 45 za Selsiasi, maana sumu ile ni protini na joto huivunja, kisha aende hospitali bila kuchelewa. Kwenye begi langu chupa ya maji ya moto ina nafasi yake ya kudumu.

Kurudisha majini

Kolekole wadogo wa mlangoni ni watoto. Wanakulia humu kabla ya kutoka nje kwenye miamba. Wote narudisha. Mikono inalowekwa kwanza ili isibandue ute wa ngozi, samaki anabaki ndani ya maji, ndoana inatoka kwa koleo, na kichwa kinaelekezwa kwenye mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Vipimo nachukua kwa alama zilizochorwa kwenye fimbo, akiwa bado majini.

Kazi iliyo mbele

Mashimo ya taa yamehama. Kundi kubwa limesogea kutoka tambarare ya chini hadi karibu na ukuta wa chaza, na kingo zake ni mbichi. Bamvua ijayo nitapita hapo maji yakiwa ya magotini, nikiwa na nzi ya kaa ambayo bado naijaribu ndani ya ndoo: inatakiwa izame ikiwa imelala, miguu juu, na hadi leo mbili kati ya zilizofungwa zinashuka kwa ubavu. Nitahamisha uzito karibu zaidi na tundu la ndoana.

Kupwa kwa usiku hakujaguswa. Kamba hutoka kwa wingi gizani maji yanapokupwa, na kijito cha pili kina mahali salama pa kusimama penye njia ya kurudi isiyovuka maji. Kigingi cha juu kitahamishiwa hapo, na alama zake nitazipaka rangi nyeupe zisomeke kwa tochi.